Wakuu naombeni muvi za majambazi wa London, nina Jumapili ngumu

Kijana wa Tandika
Habari za majukumu wakuu. Naenda moja kwa moja kwenye mada.

Nahitaji muvi za majambazi wa Uingereza, zile za wazee wa London wenye suti na maneno mengi. Nataka hasa zinazoonyesha London ya Mashariki yenyewe: baa, masoko, bandarini, watu wanavyosalimiana, wanavyoagiza chai. Zikiwa za zamani ndiyo vizuri zaidi, miaka ya 60 mpaka 80. Snatch na Lock, Stock and Two Smoking Barrels nimeziangalia mpaka naongea pamoja nao. Peaky Blinders nimemaliza yote.

Swali langu: mtu akizishika vizuri hizi picha, anaweza kukaa na mtu anayeijua London wakapiga stori bila kushtukiwa? Nahitaji majibu kabla ya Jumapili. Sababu ni binafsi, tusichimbane.

Fundi Redio
Siti ya mbele mimi. Umewauliza wenyewe.

Anza na Get Carter ya 1971, Michael Caine. Najua utasema ile ni Newcastle siyo London, lakini ndiyo mama yao wote. Jamaa anatoka London, anapanda treni kwenda kumzika kaka yake, anauliza maswali kwa upole, halafu anaanza kuwamaliza mmoja mmoja. Sisi tumezoea steringi hafi. Pale steringi anapigwa risasi ufukweni, katoka kucheka sasa hivi, na picha inaishia hapohapo. Niliiona kwenye kibanda umiza kimoja Tanga, watu wakagoma kutoka. Wanasema mwenye kibanda kakata mkanda, arudishe hela. Ikabidi mtafsiri ashike maiki awaambie steringi yuko hospitali, sehemu ya pili inakuja wiki ijayo. Watu wakatawanyika kwa amani. Wiki iliyofuata kibanda kimefungwa.

Mama Twalib
Nyie watoto wa kiume mna shida. Mwizi wa Kizungu akivaa suti mnamwita mzee wa kazi, kibaka wa Buguruni akichukua simu mnatafuta tairi. Hao mapacha Kray, Ronnie na Reggie, majambazi wa London ya Mashariki mnaowapenda kwenye hizo picha, walikuwa wanawatoza watu hela ya ulinzi, na Ronnie alimpiga mtu risasi ya kichwa ndani ya baa ya Blind Beggar, 1966. Kwa vile Tom Hardy kawaigiza wote wawili kwenye muvi ya Legend ndiyo mnaona raha. Na mama yao anawakarimu hao wauaji nyumbani kwao pale Vallance Road kama maharusi. Wanangu wakijaribu hiyo biashara, hawatakunywa chai kwangu.

Nongwa za Kijiweni
Mama Twalib kumbe umeangalia mpaka anwani unaijua, hahaha.

Mleta mada, hilo "bila kushtukiwa" limenikaa vibaya. Unataka kumtapeli nani? Funguka.

Kijana wa Tandika
Sitapeli mtu mkuu. Ni maongezi tu ya kawaida na mzee mmoja. Leteni muvi.

Mbongo wa Barking
Niko hukuhuku London. Muvi zitakusaidia kidogo sana maana ile London sehemu kubwa imeshabomolewa. Kama unataka bandari tafuta The Long Good Friday ya 1980. Bob Hoskins ni jambazi mkubwa, anataka kuigeuza bandari iliyokufa kuwa maghorofa, analeta wawekezaji, na wawekezaji wenyewe ni mafia wa Marekani. Anaota hadi Olimpiki ya 1988. Kumbuka meli zilikuwa zimehama kweli, kontena limeua zile bandari za ndani ya mji. Leo hapo pana Canary Wharf, mabenki matupu, na Olimpiki ikaja kweli Stratford, 2012. Jambazi wa kwenye picha aliona mbali kuliko madiwani.

Kinachovutia kwenye hizi picha kwa maoni yangu si risasi. Huku bunduki ni adimu, polisi wa kawaida anatembea na kirungu, na bastola zilipigwa marufuku 1997 kufuatia mauaji ya watoto wa shule kule Dunblane, Scotland. Ndiyo maana kwenye Lock, Stock nusu ya vurugu inatokana na bunduki mbili za kale ambazo zingefaa kukaa makumbusho. Vitisho vyote viko mdomoni. Mwangalie Ben Kingsley kwenye Sexy Beast: anafika nyumbani kwa mtu aliyestaafu ujambazi, amekwenda kumwambia arudi kazini basi. Anaongea tu. Unasikia tumbo linakata.

Binti Malindi
Huyo Ben Kingsley jina la kuzaliwa ni Krishna Bhanji. Babu yake alikuwa mfanyabiashara wa viungo Unguja, na baba yake kakulia hukohuko kabla ya kupelekwa Uingereza. Yule mtu wa kutisha ana ukwe na karafuu zetu. Endeleeni.

Kijana wa Tandika
Dah, Binti Malindi umenipa silaha bila kujua. Mzee ni mtu wa Unguja.

Nongwa za Kijiweni
Mzee nani? Silaha ya nini? Usipofunguka uzi tunaugeuza wa mpira.

Kijana wa Tandika
Sawa. Naombeni msinishambulie.

Mzee ni baba wa mchumba wangu. Alikuwa baharia, anasema alishuka London akapanga chumba Whitechapel, London ya Mashariki, akakaa miaka. Siku nilipokwenda kujitambulisha akaniuliza kijana umefika wapi duniani. Mimi nje ya nchi nimefika Nakonde, unavuka tu kwa miguu pale Tunduma, nikanunua sabuni nikarudi. Shemeji zangu wote wamekaa wananitazama. Nikajikuta nasema nimekaa London, upande wa Mashariki.

Mzee alisimama. Akaagiza kahawa nyingine. Tangu siku hiyo kila nikienda ananiweka barazani kwake tunaongelea London, na mpaka sasa nimekwenda kwa mwendo wa Snatch. Nikikwama nakohoa. Sasa Jumapili amemwalika rafiki yake, baharia mwenzake, "uje umwone kijana wetu wa London".

Kabla hamjaniambia niseme ukweli: posa imeshapelekwa, mshenga aliyeniombea ni mtu mzima mwenye heshima zake, siwezi kumwaibisha. Mchumba anajua nusu. Na nimeshanunua kofia pale Karume, ile ya Peaky Blinders.

Fundi Redio
KOFIA.

Mbongo wa Barking
Mdogo wangu, Peaky Blinders ni Birmingham, na ni baada ya vita ya kwanza ya dunia. Ukimtokea mzee wa Whitechapel na kofia hiyo ni sawa na mtu kudai amekaa Mwanza akaja kavaa lubega.

Kijana wa Tandika
Kofia ni ya kupendeza tu, haisemi mji. Na sijamdhulumu mtu. Nani hapa hajaongeza chumvi ukweni?

Fundi Redio
Hapo umesema. Mimi ukweni nilisema ni injinia wa mawasiliano. Baba mkwe akaleta redio ya National ya marehemu babu yake. Bahati nzuri ndiyo kazi yangu, niliitengeneza palepale sebuleni, sasa ikawa shida nyingine: mbona injinia ana bisibisi mfukoni siku ya harusi? Mpaka leo nikienda Korogwe nakuta foleni ya feni na pasi za majirani. Sijawahi kulipwa hata mia.

Mama Twalib
Mnacheka, mimi namwonea huruma binti. Mtu anayedanganya mji atadanganya na mshahara. Mwambie mzee leo usiku. Mabaharia ni watu wakubwa, wameona uongo wa kila bandari, atakusamehe. Rafiki yake akifika mbele za watu hatakusamehe.

Kijana wa Tandika
Mama nakuheshimu, ila huyu mzee humjui. Huyu si mtu wa mchezo. Alipofika London mwaka 1971 alikuwa anakaa meza moja na hao mapacha Kray. Anasema Ronnie mwenyewe alimnunulia soda Blind Beggar na kumshika bega. Mtu kama huyo naanzia wapi kumwambia nilidanganya?

Mbongo wa Barking
Mwaka gani?

Kijana wa Tandika
1971. Amerudia mara nyingi, ndiyo mwaka aliopata ile meli.

Mbongo wa Barking
Mkuu, Kray walikamatwa 1968 na kuhukumiwa maisha 1969. Ronnie hakutoka tena, alifia kifungoni 1995. Reggie walimwachia 2000 akiwa mgonjwa wa kufa, akafa mwaka huohuo. Hiyo soda ya 1971 ilitoka wapi?

Huku kila mzee wa Mashariki anadai aliwajua Kray. Ukiwahesabu wanaosema walikuwemo Blind Beggar usiku ule wa risasi, ingebidi baa iwe na ukubwa wa uwanja wa Taifa, wakati ndani kulikuwa na watu wachache tu. Mzee wako naye kaangalia muvi.

Binti Malindi
Nimeanguka kitandani. Kwa hiyo kila jioni wamekaa barazani wanatambiana kwa mkanda uleule.

Nongwa za Kijiweni
Jamani, jamani, hii ni chai. Tena ya tangawizi. Kijana mdomo mrefu, mzee wa kutisha, siku ya mwisho inakaribia, halafu inagundulika wote matapeli. Huo si ndiyo mkanda wa Guy Ritchie, mwongozaji wa Snatch? Kaubadilishia majina tu.

Na nimepita kwenye nyuzi zake za zamani. Mwaka jana huyuhuyu Kijana wa Tandika alikuja hapa akilia kuwa mkewe kachukua mkopo wa vikoba bila kumwambia. MKEWE. Leo ana mchumba na kofia?

Fundi Redio
Mimi chai naipenda, ongeza sukari.

Kijana wa Tandika
Ule uzi nilimwandikia jirani yangu, hana simu ya maana.

Mama Twalib
Kama una mke sema ni wa pili, dini inaruhusu. London ya uongo ndiyo hairuhusu. Na huyo jirani asiye na simu tumwachie Mungu.

Binti Malindi
Kwa ushahidi wa kofia mimi namwamini. Mtunzi wa chai asingekosea mji.

Nongwa za Kijiweni
Atume picha ya kofia basi. Na risiti ya vikoba.

Kijana wa Tandika
Kijiwe endeleeni kucheka. Mkuu wa Barking, rudia hapo kidogo, naandika. Walikamatwa mwezi gani?

Mbongo wa Barking
Mei. Ila usije ukamwambia mzee mbele ya rafiki yake, utarudi Tandika na mahari yako.