Nyasi za Pemba zinaungua ncha, ndago zimetapakaa, masika hayo yaja: nianze na lipi?

Mpangishaji_Nyali

Salamu wadau. Nasimamia nyumba nne za kupangisha hapa Nyali, Mombasa, zenye uwanja mmoja wa nyasi za Pemba, mita 20 kwa 20. Udongo ni mchanga, maji ni ya kisima na ukiyaonja yana chumvi kidogo. Mtunza bustani hukata kwa slasha kila baada ya wiki mbili, chini kabisa, na kila jioni humwagia kwa mpira dakika kumi. Kaskazi hii yote ncha za majani zimekuwa kahawia. Karibu na lango, wapangaji wanapokatiza, pana kipara cha mita 30 za mraba. Ndago nazo zimeota kila upande. Dukani nimeambiwa mvua ikianza nimwage gunia zima la urea, kilo 50. Nimwage?

Ukoka_na_Mboji

Ndugu yangu, hilo gunia usilimwage. Urea ina nitrojeni asilimia 46, kwa hiyo kilo 50 zina kilo 23 za nitrojeni. Kwa mita 400 hiyo ni zaidi ya gramu 57 kwa kila mita, wakati nyasi zinahitaji kama gramu 5 kwa mkupuo. Nyingine itaunguza mizizi au itazama na maji ya mvua hadi kisimani kwako.

Kabla ya mbolea, ng'oa majani kumi sehemu mbalimbali uyatazame kwa karibu. Kahawia ikianzia nchani na kushuka pembeni mwa jani, huku katikati pakibaki kijani, hiyo ni chumvi. Ncha ikiwa imechanika nyuzinyuzi nyeupe, ni makali butu. Jani likijikunja na kuwa na rangi ya majivu, na nyasi ulizokanyaga zikabaki zimelala nyuma yako, ni kiu. Kwa ulivyoeleza, nadhani yote matatu yapo.

Fanya hesabu ya maji. Mpira ukitoa lita 15 kwa dakika, dakika kumi ni lita 150. Zigawe kwa mita 400: haifiki hata nusu milimita. Maji yanalowesha ngozi ya udongo tu, jua linayanyonya, chumvi inabaki juu. Kila jioni unaongeza chumvi nyingine palepale mizizi ilipo. Gawa uwanja mafungu manne ya mita 100, kila alfajiri mwagilia fungu moja tu kwa kinyunyizio kwa dakika 80 hivi. Hapo fungu linapata lita 1,200, yaani milimita 12, na zamu yake inarudi baada ya siku nne. Weka makopo matano ya pande zilizonyooka uwanjani upime kwa rula, maana vinyunyizio vingi humwaga upande mmoja zaidi ya mwingine. Jioni acha. Jani likilala na maji usiku kucha, ukungu unapata nafasi.

Mbolea isubiri mvua ioshe chumvi kwanza. Mvua ikishanyesha vizuri wiki mbili, weka CAN (mbolea ya chembechembe yenye nitrojeni na kalsiamu) kilo 4, kisha kilo 4 nyingine baada ya wiki tatu. Jumla ni kama kilo 2 za nitrojeni kwa uwanja wote. Nimeigawa mara mbili kwa sababu mchanga haushiki mbolea. Kilo 2 mwage ukitembea kwa urefu, 2 kwa upana, majani yakiwa makavu, kisha mwagilia. Siku mawingu mazito yametanda, ahirisha. Vuli tumia NPK 17:17:17 (mbolea yenye nitrojeni, fosforasi na potasiamu sawasawa), kilo 12, ili upate na potasiamu.

Makali_Mawili

Naongezea upande wa kukata, maana hapo ndipo nyasi za Pemba huuawa na watu wanaozipenda. Nyasi hizi ni za jani pana na hutambaa kwa mashina ya juu ya ardhi. Slasha ikipita chini inakata mashina yenyewe, jua linaingia, na ndago hupenda jua kama nini. Urefu wake ni sentimita 6. Zikifika 9, kata zirudi 6, usiondoe zaidi ya theluthi. Masika utakata kila wiki, kaskazi hata wiki tatu zinapita.

Tafuta mashine ya magurudumu. Iweke kwenye sakafu ya saruji, chomoa waya wa plagi, ndipo upime kutoka sakafuni hadi kwenye kisu. Namba zilizoandikwa kwenye wenzo wa kupandishia si sentimita, usiziamini. Kisu kinolewe kila baada ya saa 20 hadi 25 za kazi. Ukimaliza kunoa, kitundike kwenye msumari kwa tundu lake la katikati: upande ukishuka, punguza chuma upande huo, la sivyo mtetemo utaharibu beringi. Ukiilaza mashine, kabureta iwe juu, usije ukajaza oili kwenye chujio la hewa.

Mpangishaji_Nyali

Ahsanteni sana. Ndago je? Jirani ana 2,4-D, anasema inaua magugu na kuacha nyasi.

Ukoka_na_Mboji

Mrudishie. 2,4-D ni ya magugu ya majani mapana, na ndago si jani pana wala si nyasi: shika shina lake, utahisi pembe tatu. Isitoshe, jamii ya nyasi za Pemba huumizwa na 2,4-D, hasa kwenye joto. Glaifoseti nayo, dawa inayoua karibu kila mmea, itaua ndago na nyasi pia.

Ukizing'oa kwa mkono, viazi vyake vinabaki chini na kila kimoja kinachipua. Penye vichaka vichache, chimba kwa jembe uma sentimita 20 na uchekeche udongo. Palipoenea, dawa inayofaa ni yenye halosulfuroni, kwa kipimo cha lebo. Hakikisha ina namba ya usajili ya PCPB, bodi ya Kenya inayosimamia viuatilifu, na lebo inaruhusu nyasi za bustani. Usikate siku mbili kabla wala mbili baada ya kupuliza. Ndago hugeuka njano polepole, wiki mbili hadi nne, kwa hiyo usirudie kwa pupa wiki ya kwanza. Duru ya pili ni baada ya wiki sita hadi nane.

Makali_Mawili

Kipara cha langoni hakitapona watu wakiendelea kukatiza. Weka mawe ya kukanyagia pale wanapopita, wala usipigane nao. Palipobaki, tifua kwa jembe uma sentimita 15, changanya mboji debe moja kwa kila mita mbili, kisha panda vipande vyenye vifundo viwili au vitatu, sentimita 20 kila upande. Ni 25 kwa mita, kama 750 kwa kipara chote. Fukia vifundo, acha majani juu. Panda mvua ikishika, si sasa. Ukihitaji mchanga wa kusawazisha, chukua wa mtoni, wa ufuoni una chumvi.

Mvua ikiendelea, angalia viwavijeshi. Ukiona nyasi zimeliwa kama zimekatwa usiku mmoja, koroga vijiko viwili vya sabuni ya maji kwenye lita 4, mwaga mita moja ya mraba, subiri dakika kumi. Wakiwapo watapanda juu. Dawa ya Bt, inayotokana na bakteria wanaoua viwavi, hufanya kazi kwa wadogo tu, ipulizwe jioni.

Na majani machanga yakiwa njano huku mishipa ikiwa kijani, hiyo si nitrojeni, ni madini ya chuma kukosekana kwa sababu ya chokaa ya matumbawe iliyomo udongoni. Salfeti ya chuma gramu 60 kwenye bomba la mgongoni la lita 15, kwa mita 100. Usipulizie karibu na vigae vya barazani, madoa yake ya kutu hayatoki.