1905: Tsushima, Einstein au Maji Maji? Nisaidieni kupima

Mtunza Kabati
Wakuu, salaam. Klabu yetu ya historia inaandaa ubao wa ukutani kuhusu mwaka 1905, na katikati panatosha tukio moja tu. Nimebakiwa na matatu: Japani kuziteketeza meli za Urusi kule Tsushima, kati ya Japani na Korea, makala za Einstein, na Vita vya Maji Maji. Jumapili ya Damu ya St. Petersburg, askari wa mfalme wa Urusi walipowapiga risasi waandamanaji, nimeshaiweka pembeni, pamoja na Norwei kuachana na Uswidi (kwenye kura ya Agosti waliokataa walikuwa 184 nchi nzima! Hiyo itaingia hata kwa herufi ndogo). Mngechagua lipi?

Nahodha Mstaafu
Tsushima. Itazame safari yenyewe. Rozhestvensky, amirali wa Urusi, katoka Baltiki, meli zake zimezunguka Afrika, zimekaa Nosy Be, Madagaska, kama miezi miwili, mabaharia wanaugua kwa joto. Na Port Arthur, bandari ya Warusi kule China, waliyokuwa wakienda kuiokoa ilikuwa imeshaanguka tangu Januari! Wakaendelea hivyo hivyo hadi mdomoni mwa Togo, amirali wa Japani. Tarehe 27 na 28 Mei ikawa kwisha kazi. Dola ya Ulaya kupigwa na taifa la Asia: India, ambako Curzon, mtawala wa Kiingereza, aliligawa jimbo la Bengal Oktoba ya mwaka huo huo, habari ile haikupita hivi hivi.

Fundi Saa
Mzee Nahodha, shikamoo, lakini meli zile leo ni kutu. Kijana wa miaka 26, mkaguzi katika ofisi ya hataza (haki za uvumbuzi) mjini Bern, Uswisi, anatoa makala nne ndani ya mwaka mmoja: mwanga husafiri kama vifurushi, chembe zinazotikisika majini zinaonyesha kwamba atomu zipo, uhusianifu (muda na umbali hutegemea mwendo wa anayepima), halafu uzito na nishati kuwa kitu kimoja. Simu yako ikikuonyesha njia, saa za setilaiti zimerekebishwa kwa hesabu alizozianza mwaka ule.

Mjukuu wa Matumbi
Kaka Fundi, mwaka 1905 nani alimjua Einstein nje ya wanafizikia wachache? Nobel yake ni ya 1921, tena kwa ile makala ya mwanga.

Kwetu mwaka ule haukuhitaji kungoja. Julai, Nandete, huko Umatumbi, watu waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima chini ya viboko vya maakida, wasimamizi wa serikali ya Wajerumani. Kinjikitile wa Ngarambe, mganga aliyegawa maji ya kuzuia risasi, alinyongwa Mohoro mwanzoni mwa Agosti, Wajerumani wakadhani wamemaliza. Kumbe ndiyo kwanza moto unawaka: Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wambunga, Wangoni, watu ambao hawakuwa na mfalme mmoja wala lugha moja ya nyumbani, wamenyweshwa maji yale yale. Tarehe 30 Agosti waliivamia boma ya Mahenge, wakafyekwa na bombomu (bunduki za rashasha). Baadaye jeshi la Götzen, gavana wa Kijerumani, likachoma vijiji na maghala, na njaa ikaua kuliko risasi. Wajerumani walikiri vifo 75,000. Wanahistoria wengine wanafika 250,000 hadi 300,000. Mimi hapo sioni mashindano.

Kipchumba wa Bondeni
Na sisi wa huku juu, Kenya? 19 Oktoba 1905 Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliitwa kwenye mazungumzo ya amani, Meinertzhagen, afisa wa Kiingereza, akamuua. Wanandi walikuwa wamepambana na Waingereza miaka kumi, reli na waya wa simu vikijua hivyo. Muweke jirani na Kinjikitile, ni miezi isiyofika mitatu kati yao.

Bi Shangazi
Wanangu, na vifo vya kitandani je? Juni ile Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, alifariki Unguja, na wiki hiyo hiyo Wissmann, kamanda wa Kijerumani aliyemnyonga Bushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani, akafa kwao Ulaya kwa bunduki yake mwenyewe mawindoni. Na Robert Koch, daktari wa Kijerumani aliyepata Nobel ya tiba mwaka huo alikuwa huku kwetu akichunguza homa ya papasi. Mwaka wa vituko!

Mtunza Kabati
Shangazi, shikamoo, hayo sikuyajua. Basi nimekata shauri: katikati Maji Maji, Koitalel ubavuni. Tsushima nitaichora kama mstari unaouzunguka ubao wote, kutoka Baltiki mpaka Japani.

Nahodha Mstaafu
Nosy Be uichore kubwa.

Fundi Saa
Na Einstein?

Mtunza Kabati
Kona ya juu kulia, chini ya saa ya ukutani.