Naomba ushauri: kulinda penta isigande kwenye kibebeo cha chanjo

Habari zenu wataalamu wa chanjo. Naomba ushauri kuhusu kufungasha kibebeo (kisanduku cha kubebea chanjo zikiwa baridi) cha siku ya huduma ya mkoba, yaani tunapoenda kuchanja nje ya kituo.

Wengi tunaogopa joto, kumbe chanjo za penta (ya magonjwa matano kwa pamoja), PCV (ya nimonia), HPV (ya saratani ya mlango wa kizazi) na homa ya ini B huharibiwa zaidi na kuganda. Pakiti ya barafu ikitoka kwenye friza na kuingizwa moja kwa moja, kichupa kinachoigusa hushuka chini ya nyuzi 0. Chembe za aluminiamu zilizomo ndani ya chanjo hushikamana na chanjo haimkingi mtoto tena, na kwa macho huwezi kugundua kila mara. Dawa yake ni kuziacha pakiti nje hadi ukizitikisa usikie maji yakicheza ndani. Shida ni kwamba asubuhi watu wana haraka, hatua hii inarukwa.

Kipimo cha kutikisa, cha kujua kama kichupa kinachoshukiwa kiliganda, tunakijua: kichupa cha kulinganishia, cha kiwanda na bechi ileile, kigandishwe kabisa kisha kiyeyushwe, vyote viwili vitikiswe, viwekwe kando kwa kando, vitazamwe hadi dakika 30. Mashapo ya kinachoshukiwa yakituama kwa kasi ileile ya kile cha kulinganishia au zaidi, kitupwe. Lakini hicho hakizuii hasara.

Tunafikiria kutumia pakiti za maji yaliyopozwa kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 8. Wenye uzoefu: zinahimili saa ngapi kwenye joto kali kibebeo kikifunguliwa mara kwa mara? Matone ya polio, yasiyovumilia joto kabisa, mnayabeba humo humo au kwenye kibebeo chake?