Naomba ushauri: kupiga picha mji na kijiji wakati mambo yanabadilika

Jicho Pevu (mleta uzi)

Wakuu, habari zenu. Kwa muda sasa napiga picha sehemu mbili: mtaa ninaoishi mjini na kijiji walikotoka wazazi wangu. Mtaani nyumba zinabomolewa kupisha barabara, na kwa kuwa kampeni zimeanza, kuta zimejaa mabango. Kijijini vijana wamehama, mashamba yanauzwa, na mnara wa simu umesimama palipokuwa na miti. Natamani picha hizi zije kuwa kumbukumbu ya kweli ya kipindi hiki, lakini nikizitandaza pamoja naona matukio tu: mkutano wa hadhara, katapila, watu wamenyoosha mikono. Badiliko lenyewe silioni. Halafu siku hizi ukiinua kamera, mtu anakuuliza umetumwa na chama gani. Wenye uzoefu mnafanyaje?

Mzee wa Filamu

Mkuu, chagua pembe chache na uwe unazirudia. Mpiga picha wa karne ya 19, Charles Marville, alipewa kazi na jiji la Paris kupiga picha mitaa ya zamani kabla haijavunjwa kupisha barabara pana za Haussmann, kiongozi aliyesimamia kujengwa upya kwa jiji hilo. Nyingi ya picha hizo hazina tukio lolote. Ni njia ya mawe, mfereji wa maji machafu katikati, matangazo ukutani. Lakini ndizo zinazotuonyesha leo kilichoondolewa. Berenice Abbott naye alirudi New York mwaka 1929 akitokea Ulaya, akaukuta mji umegeuka. Kuanzia 1935, akilipwa na mradi wa sanaa wa serikali, alizunguka akitafuta mahali ambapo jengo la zamani na ghorofa jipya vinaingia kwenye fremu moja. Kwangu mimi hilo ndilo jibu la swali lako. Badiliko linaonekana pale nyakati mbili zinapokutana, ama ndani ya picha moja, ama katika picha mbili za sehemu ileile.

Ukirudi mahali, nenda na picha ya kwanza ikiwa imechapwa kwenye karatasi. Tazama kitu kilicho karibu, tuseme ukingo wa ukuta, uone umegusana na nini kwa mbali, labda dirisha la tatu la jengo la nyuma. Sogea mpaka vigusane tena vilevile. Ukipitiliza hata hatua moja, cha mbele na cha nyuma havilingani tena. Lenzi iwe ileile, kimo cha kamera kilekile, na saa zikaribiane ili vivuli visikudanganye. Kijijini zingatia pia msimu, la sivyo utasema shamba limetelekezwa kumbe ni kiangazi tu.

Binti wa Kamera

Naongezea hapo. Tafuta siasa kwenye maisha ya kawaida. Mpiga picha David Goldblatt wa Afrika Kusini alikuwa akisema kinachomvuta si tukio bali hali inayolizaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alipanda mabasi ya usiku pamoja na wafanyakazi waliokuwa wakitoka KwaNdebele kwenda kazini Pretoria. Utawala wa ubaguzi ulikuwa umewasukuma watu kuishi mbali kiasi kwamba wengine walitoka nyumbani saa nane na ushee za usiku. Kwenye zile picha hakuna askari wala bango. Kuna watu wamejifunika mablanketi, wamelala huku wamekaa, wengine wamesimama na usingizi umewashika. Ukiziangalia unaielewa sheria nzima bila kusomewa. Wewe jiulize: huko mtaani kwako, uamuzi wa wakubwa unamfikia nani, saa ngapi, na unamkuta akifanya nini?

Msafiri Mpole

Mimi sikubaliani kwamba matukio yaachwe. Mkutano wa kampeni usipopigwa picha, kesho kila upande utasimulia la kwake. Ila fika mapema viti vinapopangwa, na ubaki uwanja ukishatawanyika. Na huo ukuta wa mabango upige kila wiki. Sura moja inabandikwa juu ya nyingine, pembeni inachanika, ya chini inachungulia. Hiyo ni historia ya uchaguzi mzima kwenye ukuta mmoja.

Kalamu na Lenzi

Jamani, andikeni maelezo! Picha aliyoipiga Dorothea Lange mwaka 1936, ile ya mama na watoto wake kwenye kambi ya wachuma njegere California, ilizunguka dunia nzima bila jina la mama huyo, kwa sababu halikuulizwa. Lilijulikana mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwenyewe akalalamika. Uliza jina, andika tarehe, mahali, na maneno ya mtu kama alivyoyasema. Hili linajibu pia swali la kutumwa na chama: mtu akiona unamsikiliza na unaandika, na ukirudi unamletea picha yake, wasiwasi unapungua sana.

Kivuli cha Mwembe

Naunga mkono, lakini kwa tahadhari. Jina linalomheshimu mtu leo linaweza kumponza kesho upepo wa siasa ukigeuka. Daftari la majina litunze mbali na picha. Kwenye maandamano piga kwa nyuma, piga mikono, piga viatu, kama sura inaweza kumletea mtu matatizo. Na zima kipengele cha mahali kwenye simu au kamera, kwa sababu faili la picha hubeba taarifa za GPS zinazoonyesha mahali ilipopigwa, na wengi huliweka mtandaoni bila kuzifuta. Anayekataa kupigwa, shusha kamera. Hana haja ya kukupa sababu.

Jicho Pevu (mleta uzi)

Shukrani sana wakuu, nimeelewa pa kuanzia. Swali moja la mwisho: mnatunza wapi?

Mzee wa Filamu

Nakala tatu. Moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, ya tatu iwe nyumba nyingine kabisa, kwa mtu unayemwamini. Mpiga picha Ernest Cole aliondoka Afrika Kusini mwaka 1966, kitabu chake kilipotoka mwaka uliofuata kikapigwa marufuku nyumbani. Alifariki 1990. Maelfu ya negativu zake yalikuja kuonekana mwaka 2017, ndani ya benki nchini Sweden. Kwa hiyo huyo unayemwachia nakala, mwandikie pia karatasi inayosema ni za nani, ni za wapi, na akabidhiwe nani usipokuwepo.