Kadi kongwe za besiboli: nichukue iliyochakaa sasa au ningoje iliyo safi?

Kadi_Kuukuu
Wakuu, naombeni ushauri. Ninakusanya T206, zile kadi zilizokuwa zikitoka ndani ya pakiti za sigara Marekani kati ya 1909 na 1911. Njia ni mbili. Ama nichukue za daraja la 1 na la 2 (alama ya hali ya kadi, 10 ndiyo safi kabisa), pembe zimelika na mikunjo kibao ila bei inashikika, ama nitulie nikusanye hela hadi nimudu daraja la 5 kwenda juu. Kadi ya mchezaji Honus Wagner siitaji hata kidogo. Moja iliuzwa dola milioni 7.25 mwaka 2022, hiyo ina wenyewe. Shabaha yangu ni wachezaji wa kawaida, na Mungu akipenda siku moja kadi ya nyota Ty Cobb.

Nangoja_Mnada
Ngoja, mkuu. Ukinunua chakavu kumi, utajikuta unaziuza kwa hasara ili upate safi moja. Nimeona wengi wakipita njia hiyo.

PembeNne
Hapo sikubaliani. Tutenganishe mambo mawili. Kuna kadi unayoingoja kwa sababu haionekani, na kuna unayoingoja kwa sababu mfuko haujatosha. T206 za wachezaji wa kawaida zimejaa minadani. Anayezingojea anangoja hela yake mwenyewe, na bei nayo haimsubiri.

Kadi adimu kwelikweli ni kitu kingine. Chukua mchezaji Nap Lajoie wa Goudey, kampuni iliyokuwa ikitia kadi kwenye pakiti za bazoka; kadi yake ni namba 106. Seti ni ya 1933, lakini kadi yake haikutolewa mwaka huo. Watoto walinunua bazoka wee, namba 106 haitokei. Ilichapishwa 1934 na kutumwa kwa posta kwa waliolalamika. Kwa kadi ya namna hiyo hata daraja la 1 usiliache lipite.

Mzee_wa_Lenzi
Vijana mnabishania namba iliyoandikwa kwenye kasha la plastiki. Ile Wagner aliyowahi kuimiliki Wayne Gretzky, nyota wa hoki, ilipewa daraja la 8 na PSA, kampuni ya kupima hali ya kadi, ikawa kadi maarufu kuliko zote. Mwaka 2013 Bill Mastro, aliyekuwa muuzaji mkubwa wa minada, akakiri mbele ya mahakama kwamba alikuwa ameikata kingo. Usafi wake ulitokana na kukatwa.

Ushauri wangu: nunua chakavu, lakini za kusomea. Shika lenzi, tazama jina la mchezaji pale chini. Kwenye kadi halisi herufi ni wino wa kahawia uliojaa. Kwenye chapa bandia, mara nyingi herufi zinavunjika na kuwa vinukta vidogo. Kisha pima: takriban sentimita 3.7 kwa 6.7. Ikipungua, jiulize kingo zimekwenda wapi. Ukishaishika halisi mkononi, hata ile ya daraja la 1, picha tupu ya muuzaji haikudanganyi kirahisi. Hapo ndipo ungojee Cobb.

Nangoja_Mnada
Mzee, kwa kusomea nakubali. Ila kumi ni nyingi. Mbili tatu zinatosha.

PembeNne
Na Cobb yuko kwenye picha nne tofauti. Ile ya uso yenye mandhari nyekundu huonekana mara nyingi kuliko ya kijani. Usijifunge kwa kijani halafu ulalamike kwamba soko ni gumu 😂

Kadi_Kuukuu
Asanteni sana. Basi nachukua mbili za daraja la 2, tena zenye migongo tofauti, yaani matangazo ya sigara za Piedmont na Sweet Caporal, nipate kulinganisha. Cobb atakuwa mwekundu. Mzee, daraja la 3 lenye mkunjo mmoja unaopita mbali na uso, ungelichukua?

Mzee_wa_Lenzi
Bila kusita. Lakini kwanza muuzaji aniletee picha ya nyuma, tena iliyopigwa kwa mwanga wa pembeni. Mikunjo mingine haionekani ukiitazama kadi kwa mbele.