Ushauri: nina Prado ya mwaka 1999 na shilingi laki tatu, nianzie wapi kabla ya Loiyangalani?

MkaziWaUmoja

Hamjambo ndugu zangu. Nina Toyota Prado ya mwaka 1999 yenye injini ya dizeli ya 1KZ, ambayo kwa miaka minne imekuwa ikinipeleka kazini kutoka Umoja hadi Industrial Area na mara mojamoja nyumbani Machakos. Shule zikifungwa mwezi wa Agosti, mimi, mke wangu na watoto wetu wawili tunanuia kwenda Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, kupitia Isiolo na Laisamis, tulale kambini siku nane, kisha turudi kwa njia ya North Horr na jangwa la Chalbi hadi Marsabit.

Nimetenga shilingi laki tatu za kuliandaa gari. Fundi mmoja amenishauri niliinue kwa inchi 4, nifunge bampa la chuma lenye winchi (mashine ya kuvuta gari lililonasa kwa kamba), keria ndefu, na hema la kukunjua juu ya keria hiyo, na hesabu aliyonipa inamaliza pesa zote na kuniachia deni. Naomba mnieleze yapi ni ya lazima na yapi yanaweza kungoja.

FundiWaKirinyaga

Ndugu, kabla ya bampa, fungua boneti. Injini ya 1KZ ni ngumu, ila haivumilii joto: ikichemka vibaya hata mara moja, silinda hedi huweza kupasuka. Gari ambalo limezoea foleni za Jogoo Road linaweza kuwa na rejeta iliyoziba nusu bila mwenyewe kujua, kwa kuwa mjini injini haifanyi kazi nzito, na siri hiyo hufichuka siku unapopanda mlima juani ukiwa na watu wanne na mizigo. Rejeta itolewe isafishwe au ibadilishwe, mipira ya maji iwe mipya, feni na thamostati zikaguliwe, na utie maji yenye dawa ya rejeta, si ya bomba.

Kuhusu inchi 4, mimi nisingekubali. Magurudumu ya mbele ya Prado hiyo hayashiki ekseli moja nzima kama ya nyuma, hivyo ukiliinua sana viungo vya shafti za mbele hukaa kwa pembe kali, mipira inayovifunika hukatika na mchanga huingia. Inchi 2 zinatosha, na hata hizo faida yake ni kwamba utapata springi na shokomzoba zinazobeba mzigo, wala si kupendeza kwenye picha.

MamaWaTurubai

Kaka, chukua kalamu. Ninyi wanne mna kama kilo 260. Lita 60 za maji ni kilo 60, mitungi miwili ya dizeli ya lita 20 ni kilo 34, hema la juu kilo 60, keria 35, friji na vyakula 35, bampa na winchi 90, droo za mbao za kwenye buti 60, spea ya pili na vifaa vya kazi 60. Hiyo ni karibu kilo 700, na bado hujatia nguo wala sufuria. Sasa tafuta kwenye kitabu cha gari uzito wa juu unaoruhusiwa, utoe uzito wa gari tupu, uone kilichobaki. Mimi nilipakia gari langu kikamilifu nikalipima kwenye mizani ya malori ya yadi moja ya vyuma chakavu. Nilirudi nyumbani nikaziondoa droo siku hiyohiyo, nikanunua masanduku ya bati Kamukunji, ambayo hayana urembo wowote lakini hufungwa kwa kamba na hayapenyezi vumbi sana.

Hema la juu pia lisikushughulishe mwaka huu. Mkilala chini mtalala vilevile, na Toi Market ukiwa na subira hukosi hema zuri la mtumba.

WinchiKwanza

Naona winchi inadharauliwa hapa. Mwaka jana nilinasa kwenye udongo mweusi huko Laikipia kuanzia saa kumi jioni, nao ni udongo unaojaza tairi mpaka linakuwa kama mandazi, na bila winchi na mti uliokuwa karibu tungelala pale. Mimi singeiacha.

DerevaMstaafu

Mwanangu WinchiKwanza, umesema kweli, lakini Chalbi hiyo winchi utaifunga kwenye nini? Hakuna mti. Kule kinachookoa watu ni gari la pili, sepetu, mbao mbili za kuwekea tairi, na kamba ya kuvutia iliyofungwa kwenye ndoano za chasisi. Usiifunge kamwe kwenye kile kichwa cha kuvutia trela, kwani kikikatika huruka kama risasi. Tena Chalbi hudanganya: juu pamekauka na kupasuka, chini ni tope la chumvi. Mvua ikiwa imenyesha, waulize wenyeji wa North Horr au Kalacha kabla ya kuacha njia iliyokanyagwa.

Pesa zako zipeleke kwenye matairi. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne. 2319, kwa mfano, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mawe meusi ya volkano karibu na Loiyangalani hukata ubavu, na ubavu hauzibwi kwa vijiti vya pancha, ndiyo maana twasisitiza spea mbili. Barabara ya matuta madogomadogo ukitoa upepo kutoka pauni 36 hadi 26 na kushusha mwendo, gari na watoto watakushukuru. Mchangani shuka hadi 18, kisha ujaze tena kwa pampu yako ya umeme kabla ya kukimbia.

Na hilo hema la juu: usiku kule ziwani upepo wa kusini-mashariki huvuma hadi alfajiri, nalo hugeuka tanga la jahazi.

BintiWaBetri

Niongezee la friji. Ya lita 40 hutumia takriban ampea-saa 30 (kipimo cha umeme wa betri) kwa siku, na kwa joto la Turkana huenda zikafika 45. Betri ya pili ya AGM (aina ya betri iliyozibwa) ya ampea-saa 100 usiimalize kupita nusu, maana yake bila kuwasha gari una siku moja hivi. Paneli ya jua ya wati 100 itakurudishia sehemu kubwa. Waya mnene, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri, si kule kwenye friji. Usikubali friji iunganishwe na betri ya kuwashia gari. Mimi niliwahi kuamka Archer's Post, nikageuza ufunguo, nikasikia "tik" moja tu, basi.

MkaziWaUmoja

Asanteni sana, nanyi mzee wetu nawashukuru kwa namna ya pekee. Jana jioni nililala chini ya gari na tochi. Matairi manne ni ya mwaka 2021, lakini spea, ambayo sijawahi kuigusa tangu ninunue gari, imeandikwa 1311, na nilipoukunja mpira kwa kidole gumba nyufa zilifunguka. Winchi, hema la juu na zile inchi 4 nimeziacha. Rejeta inatolewa Jumatatu, shemeji yangu amekubali kuja na Land Cruiser yake, na wikendi ya kwanza ya Julai tutajaribu mzigo wote kwa kulala Olorgesailie na kushuka hadi Magadi.

FundiWaKirinyaga

Vyema. Mkitoka Magadi, usipakue kitu kabla hujapita na spana kwenye boliti zote za keria. Zitakazokuwa zimelegea, zitie alama kwa rangi.