Mjadala: Je, mwananchi apewe nafasi ya kuzungumza ndani ya Baraza la Madiwani la Jiji?

Mkazi wa Mabawa (mwanzisha mada)
Ndugu zangu wa Tanga, naomba tujadili jambo moja bila ushabiki wa vyama. Mkutano wa kawaida wa Baraza la Madiwani hufanyika kila robo mwaka, na mwananchi anaruhusiwa kuingia na kusikiliza. Kuingia anaruhusiwa, kufungua kinywa haruhusiwi. Taarifa ikisomwa kwamba mtaro wa mtaani kwako umekamilika, na asubuhi hiyo hiyo umepita hapo ukakuta mafundi hawajafika, utakaa kimya hadi kikao kifungwe. Ninapendekeza kanuni za kudumu zitenge nusu saa mwanzoni mwa mkutano, ili wakazi waliokwisha kupeleka maswali yao kwa maandishi wayaulize na wajibiwe na wataalamu papo hapo. Ibara ya 146 ya Katiba inasema madhumuni ya kuwapo kwa serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Sioni madaraka hayo yanamfikia vipi mtu aliyekalishwa kwenye kiti cha nyuma ukumbini na kuambiwa azime simu.

Msomi wa Raskazone
Ndugu Mkazi wa Mabawa, nakuheshimu, lakini hapa umepotoka. Huo ni mfumo wa uwakilishi. Hata bungeni Dodoma wageni hukaa jukwaani na kutazama, wala hatujasikia mtu akidai apewe kipaza sauti. Mahali pa mwananchi kusema ni mkutano wa mtaa, ambako mwenyekiti wake yupo, mtendaji yupo, na majirani wanaomjua wapo. Jambo likitoka hapo linapanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani huyo huyo, kisha linafika Jiji. Ukiruka ngazi zote hizo umeua mtaa na kata kwa pigo moja.

Na tuseme ukweli, hata kama unauma. Taarifa za Baraza huja katika kabrasha nene lenye majedwali ya fedha, vifungu vya bajeti na hoja za ukaguzi. Mama lishe na mwendesha bajaji hawawezi kulisoma kabrasha lile. Watapewa nusu saa na wataishia kuuliza habari za choo cha soko.

Mtanga Ughaibuni
Huku Uingereza halmashauri nyingi hutenga muda wa maswali ya wakazi. Unatuma swali lako kabla, siku ya kikao unalisoma, unajibiwa, unakaa. Marekani nako kuna miji mingi inayompa mwananchi dakika chache za kusema, na saa inahesabu mbele yake. Dunia haijaanguka kwa sababu hiyo.

Baharia wa Sahare
Tanga ya huko mbali siku zote ni nyepesi kuongoza. Rudi kwanza uonje jua la saa nane, ndipo utushauri.

Mamalishe wa Makorora
Msomi wa Raskazone, salamu zako tumezipata sisi tusioweza kusoma. Napika tangu alfajiri na mchana huu nimepumzika kidogo, kwa hiyo nitakujibu kwa utaratibu.

Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na ikarejeshwa mwaka 2024. Haya sikusimuliwa, kwa sababu mimi ndiye mweka hazina wa kikundi chetu cha wanawake, na ndiye niliyejaza fomu na kuipeleka kwa mtendaji. Halmashauri yoyote ikikusanya shilingi bilioni 1 katika mapato hayo, fungu la wanawake ni milioni 40. Hesabu hiyo nimeifanya bila kikokotoo, sufuria ikiwa jikoni.

Mwaka mmoja nilipata bahati ya kuona kurasa chache za kabrasha la halmashauri nyingine, nilipokwenda msibani kwa ndugu yangu ambaye ni diwani huko. Kulikuwa na jedwali lenye safu ya shughuli, safu ya kiasi kilichoidhinishwa, safu ya kiasi kilichopokelewa, safu ya kiasi kilichotumika, na mwisho safu ya maelezo. Mradi mmoja fedha yake yote ilikwisha kutumika, na kwenye maelezo paliandikwa "Utekelezaji unaendelea." Mradi wa chini yake haukuwa umepokea hata shilingi, na maelezo yake yalikuwa ni yale yale, "Utekelezaji unaendelea." Mimi mama lishe nililiona hilo. Niambie wewe uliyesoma, ni kitu gani kilichokuwa kikiendelea?

Na choo cha soko ulichokidharau, bwana, ndicho anachokitafuta mwanamke anayekaa sokoni kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Uliza mwanamke yeyote, hata wa nyumbani kwako.

Dereva wa Bajaji, Kange
Shangazi wa Makorora amemaliza, lakini nami niongeze kidogo kwa kuwa nimetajwa. Kila mwezi ninaponunua umeme kwa LUKU, ile mita ya kulipia kabla, hukatwa kodi ya jengo, shilingi 1,500. Mimi ni mpangaji, na hilo jengo si langu. Ninaambiwa nikaelewane na mwenye nyumba ili anipunguzie kwenye kodi ya pango, na mwenye nyumba akinitazama usoni najua kwamba mazungumzo yamekwisha. Wakati wa kunikata, mita haikuuliza kama nimefika kidato cha ngapi.

Msomi wa Raskazone
Ni shilingi 1,000, tena kodi hiyo husimamiwa na Mamlaka ya Mapato, si Jiji. Huu ndio ushahidi wa nilichokisema: swali linaelekezwa mahali pasipohusika.

Dereva wa Bajaji, Kange
Ilikuwa 1,000 ilipoanza mwaka 2021. Ilipanda kuwa 1,500 mwaka 2023. Inaelekea kwako hununui umeme mwenyewe.

Karani Mstaafu
Wanangu, punguzeni moto. Nimeandika mihtasari ya vikao kwa miaka mingi, katika halmashauri mbili nje ya mkoa huu, na ningependa kueleza jinsi mambo yanavyokwenda, kwa sababu naona mnapigania mlango ambao si wenyewe.

Siku ya kwanza ya mkutano wa robo mwaka huwa ni ya taarifa za kata. Kila diwani husimama na kueleza ya kwake: darasa limefikia lenta, zahanati haina mganga, barabara imekatika. Siku ya pili ndiyo ya taarifa za kamati. Baada ya dua na kufungua kikao, huthibitishwa mihtasari ya mkutano uliopita, yanafuata yatokanayo na mihtasari hiyo, kisha kamati zinaitwa moja moja: Fedha na Utawala, Mipango Miji na Mazingira, Uchumi, Afya na Elimu, na ile ya kudhibiti UKIMWI. Mwenyekiti wa kamati anasoma, wajumbe wanachangia, mstahiki meya anawahoji kama wanakubali, na taarifa inapokelewa. Mkurugenzi yupo pale kama katibu wa Baraza, na wakuu wa idara wako nyuma yake wakimpelekea vikaratasi.

Sasa sikilizeni. Jambo linapofika siku ile, kwa sehemu kubwa limekwisha kuamuliwa. Kiwanja kimegawiwa katika kamati. Fedha imehamishwa kifungu katika kamati. Kamati ya Fedha hukutana kila mwezi, na huko ndiko nilikosikia mabishano ya kweli, sauti zikipanda hadi mwenyekiti akaahirisha kikao kwa dakika kumi watu wanywe maji. Mwananchi kwa kawaida haingii huko. Hata siku ya Baraza, likija jambo lenye ukakasi, utasikia hoja kwamba Baraza likae kama kamati, na wageni wote wanatolewa nje. Kwa hiyo nusu saa anayoiomba ndugu yetu wa Mabawa itampa mwananchi nafasi ya kuuliza juu ya jambo lililokwisha kufungwa. Akitaka kusema kwa faida, aombe kusikilizwa na kamati kabla haijaamua, angalau kwa mambo ya viwanja, masoko na ushuru.

Kuhusu kusoma kabrasha, nitasema hili moja tu kisha ninyamaze. Nimeshuhudia kwa macho yangu wajumbe wakifungua bahasha ya kabrasha ndani ya ukumbi, kikao kikiwa kimekwisha kuanza, gundi ikiwa haijabanduliwa, kama ilivyotoka kwa karani.

Mwalimu wa Pongwe
Mzee Karani amegusa kidonda chenyewe. Tatizo letu si mwananchi aliyekaa nyuma, ni diwani aliyekaa mbele. Sheria inamtaka diwani ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, basi. Mtu huyo ndiye anayepitisha bajeti ya mabilioni na kumhoji mhandisi mwenye shahada. Kwa nini tusiweke kigezo cha kidato cha nne? Mlinzi wa benki anatakiwa cheti, anayelinda fedha za Jiji hatakiwi?

Msomi wa Raskazone
Ahsante sana, Mwalimu. Hatimaye mtu mmoja ameuona mzizi.

Baharia wa Sahare
Mwalimu, kigezo hicho hicho cha kusoma na kuandika ndicho alichowekewa mbunge katika Ibara ya 67 ya Katiba. Mbona hujaanzia Dodoma, umeanzia kwa diwani wa Tangasisi?

Na hilo la kuwaachia wasomi waendeshe miji tulikwisha kulijaribu. Halmashauri zilifutwa mwaka 1974, yakaja madaraka mikoani, wakakaa maofisa watupu, wengi wao wenye vyeti vizuri. Miji ikachakaa, taka zikajaa, kipindupindu kikaingia, na serikali ikalazimika kuzirudisha halmashauri za miji. Vyeti vilikuwapo. Aliyekosekana ni mtu wa kuwaambia wenye vyeti kwamba kwetu kunanuka.

Karani Mstaafu
Zilifutwa mwaka 1972, Baharia. Za miji zilirudishwa mwaka 1978, kisha zikaja sheria za mwaka 1982, Namba 7 ya wilaya na Namba 8 ya miji. Hayo mengine umesema sawasawa.

Mwalimu wa Pongwe
Baharia, kukosea miaka miwili halafu ukatufundisha historia ni ujasiri wa pekee. Sijasema diwani aondolewe, nimesema asome. Halmashauri ikipata hati safi ya ukaguzi mnashangilia, ikipata hati yenye shaka mnalaani. Kila mwaka kuna kikao maalumu cha kujibu hoja za CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na mkuu wa mkoa anahudhuria. Diwani asiyeelewa hoja ya ukaguzi atamhoji nani siku hiyo?

Dereva wa Bajaji, Kange
Hati safi haizoi taka, mwalimu wangu.

Mamalishe wa Makorora
Naomba kumuuliza Mwalimu kwa heshima zote, maana pengine amewafundisha watoto wangu. Diwani ninayemjua mimi aliishia darasa la saba, lakini usiku wa mafuriko alikuwa mtaani kwetu ndani ya maji, suruali imekunjwa hadi magotini, akigonga mlango mmoja mmoja. Ukiweka kidato cha nne umemtoa huyo. Utakayemleta badala yake ana cheti, ila sijui kama ana magoti.

Msomi wa Raskazone
Hapo ndipo tunapotofautiana, dada yangu. Kugonga milango usiku wa mafuriko ni wema, nami naupongeza. Kuuliza kwa nini mtaro haukuwamo katika bajeti ya mwaka uliotangulia ni kazi ya diwani.

Mamalishe wa Makorora
Leo ndiyo mara ya kwanza umesema neno la maana, na ni neno la mtaro, jirani yake choo cha soko.

Mtanga Ughaibuni
Jamani, mzee Karani amependekeza mwananchi asikilizwe na kamati kabla ya uamuzi. Hakuna hata mmoja aliyemjibu.

Baharia wa Sahare
Wewe bado uko macho? Nilidhani umekwisha kulala.

Mkazi wa Mabawa (mwanzisha mada)
Nimewasoma wote. Naona nusu saa imewagawa, na la kamati Mzee Karani ameliweka vizuri ingawa litahitaji kanuni zibadilishwe. Basi nipunguze ombi langu. Kabrasha, ukitoa yale ya siri ya watumishi, libandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila kata siku ile ile linapopelekwa kwa madiwani. Mwananchi alisome, ampate diwani wake kabla ya kikao, amwambie kwamba mtaro haujaisha. Diwani akinyamaza ukumbini tutakuwa tumemwona. Kwa hili hatuhitaji kipaza sauti cha mtu.

Mamalishe wa Makorora
Nakubali, kwa sharti kwamba libandikwe na sokoni. Ubao wa ofisi ya kata unasomwa na mtendaji na mbuzi.

Mwalimu wa Pongwe
Nakubali pia. Hata hivyo, libandikwe au lisibandikwe, atakayelizungumzia ukumbini ni diwani yule yule, na bado sijapata jibu kuhusu kidato cha nne.

Msomi wa Raskazone
Wala hutalipata hapa, Mwalimu. Niligusia elimu mimi kabla yako nikapewa bei ya umeme.